Nyungu ya Mama Déborah
Sehemu ya tisa

Najua hamukulala vizuri wiki hii. Mimi mwenye kuandika nilishikwa mukono njiani, pale sokoni Mikelenge, hapa Kindu, mama mumoja akiniuliza bila hata kunisalimia: yule mwanaume wa gizani ni mutu ao ni muzimu? Nikamuambia angoje gazeti kama wengine. Haya, gazeti limekuya.

Tulimuacha Odette amepiga magoti.

Yuko Dubai, inchi ya watu, ndani ya zoo inayofunguliwa jua likishaingia, maana nyama waliofungwa mule ni wale wanaolala muchana na kutembea usiku. Binti yake Claire njo alimupeleka, amupumzishe roho. Odette alikuwa amecheka kwenye mulango. Alisema kwetu tunafunga nyumba chui asituone, hapa wanamuwashia taa wamuone vizuri.

Alitoka Kindu kwa kumusaidia Claire na kichanga, musichana ambaye mpaka leo hana jina. Claire anataka aitwe Déborah, kama dada yake aliyepotea wakati wa vita. Kila mara Odette anakataa, na hasemi sababu.

Kisha, ndani ya nyumba ya giza, nyuma ya kioo, chini ya taa nyekundu, Odette akamuona kakakuona. Yule wa magamba. Wazee wa kwao Pangi wanamuita ikaga, na hawamutaje ovyo. Odette akavua kitambaa cha kichwa, akakitandika chini, akapiga magoti. Na nyuma yake sauti ya mwanaume ikamuita jina ambalo hakuna kinywa kilichomuita tangu vita.

"Mama Déborah."

Odette hakugeuka.

Kindu yote inamujua kama Mama Claire. Anayemuita Mama Déborah ni mutu wa mbele ya vita, na watu wale, wengi wako chini ya udongo. Aliogopa akigeuka atakuta hakuna mutu.

Claire njo aligeuka, kichanga amefungwa mugongoni. Aliona kofia nyeupe, ndevu za mvi, mufuko wa plastiki mukononi. Alikuwa Papa Ayoubu, mununuzi wa zahabu wa muji wa Kama, muteja wa boutiki yake pale Dubai. Claire mwenyewe alimualika, maana watu wa Maniema wakikutana ugenini hawaachani hivi hivi. Muzee alichelewa, akawafuata ndani.

Claire akamuambia kwa adabu kwamba amekosea, huyu ni mama yake, Mama Claire.

Muzee aliinama. Alikuwa anaangalia kile kitambaa chini.

Watu wakaanza kujaa. Musichana mumoja akainua telefone apige foto. Zamu, mulinzi wa zoo, akakuya na kitochi, akiuliza kama mama ni mugonjwa. Papa Ayoubu akamusemesha Kiarabu chake cha madrasa, kimevunjika-vunjika. Zamu akazima tochi, akaweka mukono kifuani, akarudi nyuma kwa heshima na kumufukuza yule wa foto.

Claire akauliza amemuambia nini.

"Nimemuambia mama anasali. Sikudanganya sana."

Nyuma ya kioo, yule nyama hakuwa na habari yao. Alitembea na miguu ya nyuma, ile ya mbele ameikunja kifuani kama muzee anayekwenda kuomba radhi. Mudogo kuliko ikaga wa kwetu, lakini magamba ni yale yale, moja limelala juu ya lingine kama majani ya nyumba. Pangi wanasema yeye njo alifundisha watu kuezeka. Akafika mpaka kwenye kioo, akanusa, akarudi gizani.

Hapo Odette akageuka. Akamuuliza muzee yeye ni nani.

"Mimi njo Ayoubu. Ayoubu wa chumvi."

Ee, chumvi. Wakati wa vita vijana walisukuma baiskeli za chumvi kutoka Kindu mpaka Kama, njia za pori, usiku na mvua. Wengine waliuza kwa roho ngumu. Ayoubu alipima na kifuniko cha bidon, kisha aliwaongezea watoto kidogo kwenye kiganja, walambe. Déborah alikuwa anamukimbilia akisikia tu kengele ya baiskeli.

Odette akamuangalia sana. Chini ya ndevu za mvi, kijana wa chumvi alikuwa bado mule.

"Waliniambia umekufa porini," Ayoubu akasema. "Nilikutafuta Kama. Nilikutafuta Kalima. Ningejua uko Mikelenge ningekuya kwa miguu."

"Ulinitafutia nini?"

"Mimi njo nilimuzika Florentin."

Florentin, kwa yule anayetuanza leo, ni bwana ya Odette, baba ya Déborah na Claire. Tangu siku aliyopotea hakuna aliyeleta habari yake. Hata shati.

Wakatoka nje, wakakaa kwenye benchi ya simenti. Watu walipita na watoto wao, wanakula krimu, wanacheka. Claire alisimama, anamubembeleza kichanga asiamuke. Alifikiri mama yake sasa atalia. Odette hakulia. Alifunga kitambaa chake upya, pole pole, akaingiza ncha ndani.

"Kama ulimuzika," akasema, "basi unajua aliyemuua."

Ayoubu akasema hakuna anayejua, ilikuwa vita, risasi haina jina.

"Iko na jina. Mimi njo nilimuua. Mimi na nyungu yangu."

Claire akasahau kubembeleza.

Wasomaji wangu, lazima niwarudishe porini kidogo, maana Claire naye alikuwa hajui.

Ilikuwa vita ya pili ya inchi yetu. Watu wa bunduki waliingia vijiji vya Pangi, hawa wakitoka wale wanaingia, na kila anayeingia anauliza kwa nini mulimupokea yule wa jana. Watu wakahamia porini. Odette na Florentin walijenga kibanda cha majani karibu na kijito. Walikuwa na Déborah, aliyekuwa anang'oka meno ya kwanza, na Claire wa mugongoni, na Geneviève, mama ya Florentin, ambaye miguu yake ilikuwa imeshavimba. Walikula mizizi. Walikula sombe ya majani ya muhogo isiyo na chumvi wala mafuta, mpaka tumbo likasahau nyama ni kitu gani.

Siku moja Florentin na Déborah wakarudi kutoka kutembea porini. Florentin alibeba kifurushi cha majani. Ndani, nyama, imeshachunwa, imeshakatwa. Lakini uso wake haukuwa uso wa mutu aliyepata nyama. Déborah alicheza kidogo pembeni ya mafiga. Florentin akamuambia Odette apike, wale, wasimungojee, kuna neno linamupeleka kwa wazee. Akamushika Déborah mukono.

Njo mara ya mwisho Odette kuwaona.

Akapika. Harufu ile ilitaka kumuangusha. Akamunywesha Claire muchuzi, akakula, akamupelekea mama mukwe sehemu yake.

Geneviève akaikataa. Hakusema sababu. Kiganja chake alikuwa amekifunga.

Jua halijaingia, risasi zikalia upande wa barabara. Kambi ikatawanyika. Odette akamufunga Claire mugongoni, akakimbilia kijito, akalala ndani ya maji chini ya mizizi mpaka asubuhi. Geneviève na miguu yake hakuweza kukimbia. Akabaki kwenye kibanda, peke yake, pembeni ya nyungu.

Asubuhi Odette akarudi. Mama mukwe alikuwa amekaa pale pale. Akafungua kiganja. Ndani mulikuwa gamba la ikaga.

"Nimeliokota kwenye mafiga yako," Geneviève akamuambia. "Umepika nini, Odette? Umenimalizia nyumba."

Munajua maana yake, ninyi wa Pangi. Wengine niwaambie. Ikaga haliwe kama nyama ya kila siku. Ukimukuta amekufa, unamulilia kama mukubwa. Unamufunika na majani, unaita wazee wa Bwami, chama cha mila, wao njo wanajua la kufanya. Anayemupika kwa siri, kwenye nyungu yake mwenyewe, amefungulia kifo mulango.

Odette akaangalia gamba. Akaangalia nyungu. Florentin hakurudi. Déborah hakurudi. Akaamini.

Akamubeba mama mukwe mugongoni, Claire akamufunga kifuani, akatoka nao porini. Nani mwingine angemubeba? Mpaka leo wanakaa parsele moja, uwanja mumoja, hapa Mikelenge. Odette anamuogesha muzee, anamukata kucha, anamukanda miguu. Chakula, hapana. Aziza, jirani, njo anamupikia. Zaidi ya miaka makumi mbili Geneviève amekubali mikono ya Odette imuguse mugongo, lakini haijagusa sahani yake hata siku moja.

Claire alikulia ndani ya ile nyumba. Alifikiri Koko, yule nyanya yake, ana majivuno tu.

Sasa, mbele ya zoo ya Dubai, alikuwa analia bila sauti, kichanga kisisikie. Akauliza mama yake kama njo maana anakataa jina.

"Nilikulisha wewe ule muchuzi," Odette akamuambia. "Kila ulipougua malaria nilisema sasa njo zamu yako. Na leo nimupe huyu mutoto jina la yule niliyemuua? Jina linajua njia, Claire. Litamupeleka kule kule."

Papa Ayoubu alikuwa amejikunja, uso ndani ya mikono. Claire alifikiri anamulilia Florentin. Kumbe muzee alikuwa anatikisa kichwa, huku na huku, kama mutu anayekataa habari mulangoni.

"Ilikuwa mboloko," akasema.

Odette akauliza nini ilikuwa mboloko.

"Ile nyama ya kifurushi. Mboloko, yule swala mudogo wa pori, mguu wa nyuma. Mimi njo nilimupa Florentin."

Akaeleza. Asubuhi ya siku ile wawindaji walibadilisha naye chumvi, wakamupa mguu wa mboloko. Nyama ya mutego, imekufia mule mule, hakuna aliyemukata shingo, hakuna aliyesema bismillahi. Kwa Muislamu ile ni kibudu. Akaifunga kwenye baiskeli, na njaa inamutafuna, na anajua hawezi kuila.

"Niliona mbili-mbili, Mama Déborah. Lakini mama yangu alinilea kule Kasongo, alinifundisha kitu kimoja, na kile kitu sikukivunja. Nikakutana na Florentin kwenye njia, na mutoto. Mutoto hakuniomba chumvi ile siku. Macho yake yalibaki kwenye mguu wa mboloko. Nikasema kuleni ninyi ambao dini yenu haigombane na tumbo. Tukachuna pamoja. Ngozi niliitupa mimi mwenyewe."

Odette alikuwa anamusikiliza na mudomo wazi. Kisha akauliza neno moja tu.

"Na gamba?"

Ayoubu akapangusa macho. Akasema Florentin alimueleza palepale, kwa sauti ndogo, maana aliyemuona ikaga hapaswi kulitoboa neno kabla wazee hawajajua, hata kwa muke wake. Yeye Ayoubu aliambiwa kwa sababu si mutu wa Pangi, masikio yake hayahesabiwe. Déborah njo alimuona wa kwanza, ikaga amekufa chini ya muti ulioanguka. Florentin hakumugusa. Alimufunika na majani, akapiga magoti, akavua shati lake na kulitandika.

"Kama wewe na kitambaa chako mule ndani," Ayoubu akasema. "Njo maana nilisimama. Kisha nikaona uso wako kwenye kioo."

Lakini mutoto ni mutoto. Gamba moja lilikuwa limeanguka pembeni. Déborah akaliokota, akalificha kwenye kiganja chake, baba asione. Wakati wanaume wanachuna mboloko alimuonyesha Ayoubu, akamukonyeza, akasema ni sahani ya mwanasesere wake. Kisha, kambini, alicheza nalo pale kwenye mafiga, akaliacha.

Sahani ya mwanasesere.

Odette akajishika kwenye benchi.

"Nilimukataza Florentin," Ayoubu akaendelea. "Nilimuambia, bwana, barabara imejaa watu wa bunduki, waache wazee. Nyama amekufa, hana haraka. Nilimucheka. Yeye akasema hapana, ikaga hawezi kulala bila wenyewe kujua. Na aliyemuona wa kwanza lazima asimame mbele ya wazee, kwa hiyo mutoto anakwenda naye. Akaenda. Mimi nilibaki kutengeneza cheni. Nilisikia risasi. Nilipofika alikuwa amelala, ameelekea kijiji cha wazee."

Mule ndani nyama mumoja alilia, sijui wa aina gani, na watu wakapiga makofi.

"Kumbe hatukuvunja muiko," Odette akasema.

"Hata kidogo."

"Alikufa kwa sababu aliushika."

Ayoubu akakubali na kichwa.

Hapo Odette akacheka, kicheko kibaya, kidogo. Akamutukana Florentin. Alimuita mupumbavu, kichwa cha jiwe, mwanaume wa kuacha watoto na njaa na kwenda kuwatangazia wazee kifo cha nyama wakati watu wenyewe wanakufa bila kutangaziwa. Alimutukana kama mwanamuke anayemutukana bwana yake aliyechelewa kurudi nyumbani. Katikati ya matusi sauti ikakatika, na kilio kikatoka, kile cha kwetu, kirefu, cha kuita ukoo wote.

Watu wa krimu wakasimama. Zamu akaonekana tena kule mbali. Papa Ayoubu akamuinulia mukono, na zamu akawaacha.

Njo matanga ya Florentin, wasomaji wangu. Yalifanyika kwenye benchi ya simenti, inchi ya watu, waombolezaji watatu na kichanga.

Kilio kilipopungua, Claire akafungua kanga, akamuteremusha kichanga, akamuweka kwenye magoti ya mama yake. Mutoto aliamuka, akaanza kuangalia taa. Claire hakumuharakisha. Aliuliza tu, pole pole, kama sasa anaweza kuitwa.

Odette akamupangusa mutoto mate kwenye kidevu. Kwa mara ya kwanza tangu afike Dubai uso wake ulilegea. Akafungua kinywa aseme ndiyo.

Kisha akakumbuka kitu kimoja, kitu kidogo tu, cha kumuambia mutoto akikua. Akamugeukia Ayoubu.

"Déborah ulimulaza ubavu gani wa baba yake? Nimuambie huyu, ndoyi yake wa jina moja amelala wapi."

Ayoubu akavua kofia yake nyeupe.

Aliikunja, akaikunjua, mpaka Claire akarudia ile swali.

"Mama Déborah," muzee akasema, "nilizika mumoja."

Odette hakusikia vizuri. Ao alisikia.

"Mutoto hakuwa pale. Mvua ilikuwa imenyesha, tope lilikuwa laini. Niliona nyayo zake zimetoka pembeni ya baba, zinarudi njia ya kambi. Nyayo za kukimbia. Nilizifuata mpaka zilipoingia njia ya kijito chenu. Nikasema Alhamdulillahi, amemufikia mama yake. Nikarudi kuchimba."

"Hakunifikia."

"Nyayo zilifika, Mama."

"Mimi nilikuwa ndani ya maji. Kambi yote ilikimbia. Kwenye kibanda hapakubaki mutu."

Alipomaliza kusema vile, akasikia mwenyewe alichosema. Kwa sababu mumoja alibaki. Miguu ilikuwa imevimba.

Claire njo alimutaja.

"Koko."

Dubai giza lilikuwa limeshakaa. Kule Kindu watu walikuwa wanawasha moto wa jioni. Claire akapiga telefone ya Aziza, yule jirani anayemupikia Koko. Aziza akapokea na furaha, akauliza kichanga, akauliza baridi za nyumba za Dubai, akasema Koko iko, amelala, siku hizi amekuwa mwepesi kama jani. Odette akamuomba amuwekee telefone kwenye sikio.

Akamupa Ayoubu aseme kwanza. Ayoubu alisema yote: mboloko, kibudu, ngozi aliyoitupa, gamba la kuchezea. Aliapa kwa Mungu wake. Kule upande wa pili walisikia kuku wa parsele, na mutu anapumua.

Odette akachukua telefone. Hakupandisha sauti.

"Mama. Déborah alirudi?"

Kuku. Pumzi.

"Alirudi," Geneviève akasema.

Claire akafunga mudomo wake na mukono.

"Alikuwa na tope mpaka kwenye magoti. Alisema baba amelala barabarani, anamuita, haamuke. Alikuwa na njaa. Nyungu yako ilikuwa bado ya moto. Akanyosha mukono."

"Akakula?"

"Niliupiga ule mukono. Alilia. Nikaishika nyungu, nikamwaga yote chini, mbele yake."

Odette alifumba macho. Sehemu kubwa ya nyama aliyojinyima, akawabakishia wawili wakirudi, ilimwagwa. Asubuhi ile alikuta nyungu tupu. Alifikiri ni imbwa.

"Kisha, Mama?"

"Watu walikuwa wanapita, wanakimbia. Nilisema heri aishi mbali na nyungu yako kuliko afe karibu yake. Nikamutoa kwa mupitaji mumoja."

"Ulimutoa kwa nani?"

Walimusikia anasema neno moja, tena na tena, taratibu, kama mutoto anayefundishwa kusema. "Mboloko. Ilikuwa mboloko."

"Kwa nani, Mama?"

"Kuya unipikie, Odette."

"Mama, niambie kwanza."

"Kuya unipikie. Kinywa hiki kilikataa mukono wako siku zote hizi, hakiwezi kukupa lile neno kikavu. Nikule kwanza kwenye nyungu yako. Nikikula, nitakuambia jina la mutu, na mahali."

Odette akamuita tena. Aliyejibu alikuwa Aziza. Alikuwa ameondoka na telefone, wakasikia mulango, wakasikia miguu yake uani. Alisema kwa sauti ya chini, ile ya kusemea mbali na kitanda.

"Mama Claire, sikutaka kukutisha kule mbali. Lakini usikawie. Uji wangu haumezi tena. Tangu juzi hata maji anayatema."

Telefone ilikatika, ao Claire aliikata, hakukumbuka. Papa Ayoubu alikuwa amesimama. Alianza kusema maneno mabaya juu ya yule muzee, na mengi yalikuwa ya kweli. Odette akamuomba anyamaze. Alisema mutu akilaaniwa hawezi kumeza.

Akamurudishia Claire kichanga. Claire akamuangalia, jina bado machoni mwake, akiogopa kuliuliza.

"Huyu atangoja kidogo," Odette akasema. "Jina iko na mwenyewe."

Akasimama, akafunga kitambaa. Mule ndani, nyuma ya kioo, ikaga aliendelea na safari yake ya usiku, na hakuna aliyekwenda kumuaga.

"Claire, tafuta avion inirudishe," akasema. "Mama mukwe wangu iko na njaa."